Kona ya Gereji: Altezza inalia nyuma ya siti, ni pampu au nini?

Mwezi huu meseji karibu zote ni za sauti. Gari inalia nyuma, gari inalia mbele, gari inalia ikisimama. Nimechagua hii ya Altezza niijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna majibu ya wengine pia, na nyengine nimezijibu chini kwa mkato.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie nna Toyota Altezza RS200 ya 2001, manyuali, nimeinunua mkononi kwa mtu hapa hapa mjini ina miezi minne sasa. Bodi safi, injini safi, lakini ina sauti nyuma kama mbu vile, wiiiiii, naisikia zaidi nikizima redio. Asubuhi ukiwasha haipo au ipo kidogo sana, nikishatembea dakika 20 au 30 ndo inaanza, na siku nikirudi Nungwi mchana wa jua kali basi inalia mpaka abiria wanauliza. Siku za karibuni nikikanyaga injini ikifika mizunguko 5000 kwa dakika inakuwa kama mtu kaishika nyuma, haipandi. Nimepeleka kwa mafundi wawili, wa kwanza kasema pampu ya mafuta imekufa katafute nyengine, wa pili kasema hiyo difu, yale magia ya nyuma yanayozungusha tairi, pampu haina ubaya. Pampu mpya nimeambiwa bei si ya kucheza na ya mtumba haina garantii. Kusema kweli mafuta natia ya elfu kumi elfu kumi, taa ya mafuta kwenye gari yangu haizimiki hahaha. Nimfate nani katika hawa wawili? (Mwenye Altezza, Kiembe Samaki)

JIBU: Waalaykum salaam. Nusu ya swali ushalijibu mwenyewe pale mwisho ulipocheka, lakini tutafika huko usikimbie.

Kwanza hongera, gari hiyo naijua. Bodi yake inaitwa SXE10, injini 3S-GE ya lita 2 ambayo Yamaha walitia mkono kwenye silinda hedi yake, VVT-i (mtambo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) kwenye kemu zote mbili, na ya manyuali gia 6 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Ilipotoka 1998 Wajapani waliipa tuzo ya gari ya mwaka, Ulaya ikauzwa kwa jina la Lexus IS 200 ingawa kule ilianza na injini nyengine ya silinda 6. Sikusifii gari bure, nataka ujue kitu kimoja: zile farasi 210 unazipata kwenye mzunguko wa 7600. Yaani injini yako nguvu zake ziko juu kabisa, na huko juu inataka petroli nyingi kwa wakati mmoja. Mwenye Vitz anaweza kutembea mwaka mzima na pampu inayopumua kwa shida asijue, kwa sababu hafiki huko. Wewe unafika na gari inakwambia sina.

Sasa hao mafundi wawili. Sijui nani mkweli na sidhani kama wenyewe wanajua, maana katika maelezo yako yote sijaona pahala uliposema mmoja wao katoa mita ya umeme au geji akapima. Wamesikiliza wakatabiri. Kusikiliza si kosa, mie mwenyewe naanza kwa sikio, ila sikio nalo lina utaratibu wake.

Fanya hivi usiku baada ya Isha mtaa ukitulia, na kwa kuwa wewe uko Kiembe Samaki, jirani na uwanja wa ndege, angalia isiwe wakati ndege inateremka utaunguza petroli bure. Tembeza gari mpaka ile sauti ije, halafu isimamishe pahala tambarare, gia huru, injini iache sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa. Sauti ipo? Ikiwa gari imesimama na sauti iko pale pale basi difu ishatoka kwenye kesi, na beringi za tairi pia zishatoka, kwa sababu gari iliyosimama difu yake haizunguki na kisichozunguka hakilii, hata fundi aape kwa msahafu. Difu inalia gari ikienda, na inabadilisha sauti ukikanyaga na ukiachia. Beringi inafata spidi, na mara nyingi ukikata kona ya upande mmoja inazidi, ukikata upande wa pili inapungua.

Bado umesimama hapo hapo, piga resi pole pole mpaka 3000. Sauti ikipanda na kushuka pamoja na resi basi hiyo ya mbele, altaneta au pampu ya stelingi au beringi ya tenshena ya mkanda, inasafiri na bodi tu mpaka ikufike nyuma ukadhani imezaliwa huko. Lakini ikiwa injini inapanda na sauti wala haishughuliki, wiii ile ile moja, hiyo sasa ni pampu ya mafuta, kwa sababu mota yake inakula umeme na haikufungwa na injini kwa mkanda wala gia. Toyota nyengine pampu zao zinaendeshwa kwa spidi mbili, kwa hiyo ukikanyaga kwa nguvu unaweza kuisikia sauti inaruka mara moja ikakaa juu, usichanganye, kuruka mara moja si sawa na kufata resi.

Ukitaka uhakika zaidi nyanyua siti ya nyuma, ile ya kukalia, utaona kifuniko cha bati. Weka kiganja juu yake, pampu ikiwa inaumwa utaisikia mpaka kwenye mifupa ya mkono. Hapo usifungue kitu, weka mkono tu.

Mie kwa maelezo yako naamini ni sauti ya pampu. Fundi wa kwanza sauti kaipatia. Ila kusema pampu inalia na kusema pampu imekufa ni maneno mawili tafauti kabisa, na hapo ndo watu wanapoliwa pesa zao.

Pampu hii haiko nje kama ile ya kisima, iko ndani ya tangi imezama kwenye petroli. Na petroli inapita katikati ya mota yenyewe, ndo inayoipoza na ndo inayoilainisha. (Watu huniuliza mbona haiwaki moto umeme ukiwa ndani ya petroli, jibu ni kwamba mle ndani hewa haitoshi, na moto bila ya hewa hakuna.) Sasa wewe unatia ya elfu kumi, hiyo ni lita tatu na kitu, pampu yako siku zote iko kichwa nje kama muogaji wa maji ya magotini. Inapata moto. Zile lita tatu nazo zinapata moto haraka kwa sababu ni kidogo, barabara inachemka chini, ekzosi iko jirani, pampu yenyewe inatoa joto. Petroli ikishakuwa moto ukiivuta inatoa mapovu, pampu inakusudia kuvuta mafuta inavuta mapovu, na mapovu yakibanwa ndani ya pampu yanapasuka moja moja maelfu kwa maelfu, ile wiiii unayoisikia ndo hiyo. Ndo maana asubuhi kimya na mchana kutoka Nungwi kelele.

Kwa hivyo dawa ya kwanza huendi nayo dukani unaenda nayo sheli. Jaza nusu tangi. Najua nusu tangi si elfu kumi, lakini ni rahisi kuliko pampu. Tembea siku mbili tatu katika joto lile lile. Sauti ikipungua sana ujue pampu ilikuwa na kiu tu. Isipopungua basi kuna kitu kinaikaba, au umeme hauifikii, au kweli imeshachoka.

Na hapo hapo sheli unapofungua kifuniko cha tangi, sikiliza. Ikiwa kinavuta hewa fyuuu ndefu, pengine kipumulio cha tangi kimeziba na pampu inavuta kutoka kwenye chupa iliyofungwa mdomo. Tembea robo saa kifuniko umekilegeza, kisha sauti uilinganishe. Kitu cha bure kabisa na hakuna anaekifanya.

Sasa lile la kukwama kwenye 5000 ndo linalonifanya nisiseme ni kiu peke yake. Chini ya pampu kuna chujio laini, mafundi wetu wanaliita soksi. Gari iliyokaa uwani bila kuendeshwa, petroli yake inakauka inaacha kitu kama ulimbo, na kutu na taka zote zinateremka chini, na wewe kwa kutembea na lita tatu pampu yako siku zote inavuta ile ya chini kabisa. Soksi inaziba nusu. Sailensi haihisi kitu, mjini huhisi kitu, ukienda juu ndo inakosa pumzi. Muulize aliyekuuzia gari ilikaa muda gani kabla ya kuuzwa, akikwambia ilikuwa inatembea kila siku huku anaangalia pembeni, ushapata jibu.

Kabla ya kufungua tangi pima umeme. Hapa nisimulie la kwangu lisilonipendeza. Miaka imepita sasa, nikiwa na gereji Mwanakwerekwe, alikuja mtu na Mark II inalia nyuma vivi hivi. Nikasikiliza, nikasema pampu, nikamfungia pampu. Baada ya wiki mbili karudi, sauti ile ile na gari inakosa nguvu. Nikasema pampu uliyoniletea feki, kaleta nyengine nikafunga, sauti ile ile. Nikapata aibu ya kutosha ndo nikachukua mita. Betri injini ikiwaka 13.9, kwenye soketi ya pampu volti 10 hazifiki. Kufatilia waya mpaka chini ya kapeti nyuma, nati ya ethi, pale waya wa negativu unapofungwa kwenye bodi, imekuwa donge la kutu la kijani na kahawia. Yule bwana kazi yake ilikuwa kupeleka wageni Paje na kuwarudisha, wanatoka baharini na chupi zao za kuogelea zinachuruzika wanakaa siti ya nyuma, maji ya chumvi yanateremka chini miaka na miaka. Nikasugua kwa msasa, nikafunga nati mpya, nikapaka grisi, kazi ya nusu saa. Pampu mbili nilimtia hasara. Ya kwanza ya zamani tulikuwa tushaitupa na naamini ilikuwa nzima.

Kwa hivyo mita. Umeme wa betri injini ikiwaka, kisha umeme kwenye soketi ya pampu ikiwa imechomekwa na inafanya kazi, ukipima soketi iliyochomolewa utaona volti nzuri tu na utadanganyika kwa sababu hakuna kinachovuta. Tafauti ya nusu volti sina neno nayo, ikipita volti moja, na gari si ya zile za pampu ya spidi mbili, tafuta ethi, rilei, soketi ilioungua. Gari zetu hapa ni za hewa ya bahari, anza na ethi.

Umeme ukiwa sawa nenda kwenye presha. Fundi mwenye geji ya mafuta anaifunga kwenye mpira wa mbele unaopeleka kwenye nozeli, zile zinazoipulizia injini petroli. Kwa injini kama hizi tunatafuta baina ya 40 na 50 psi (kipimo cha presha). Ukizima gari presha isidondoke mara moja, Toyota wanataka ibaki juu ya 21 baada ya dakika 5. Ikiwa presha nzuri sailensi lakini inateremka ukipiga resi, soksi au filta ya mafuta. Ikiwa presha imepita kiasi na pampu inapiga kelele, usiiguse pampu, regyuleta inayopunguza presha imekwama au njia ya kurudisha mafuta imeziba, pampu inasukuma ukuta. Ikiwa presha ndogo popote, umeme mzuri, soksi safi, filta safi, hapo sasa nakuruhusu useme pampu imekufa, kanunue.

Ukifika kufungua, nakuomba kama mdogo wangu usifungue mwenyewe kwenye banda la nyumba. Gari iwe nje uwanjani, mafuta yasiwe mengi, pampu ichomolewe soketi injini iache iwake mpaka ijizime ili presha iishe kwenye mipira, halafu waya wa negativu wa betri utolewe. Hakuna sigara, hakuna simu ya kumulika, hakuna jiko la mama ntilie jirani, na chombo cha kuzimia moto kiwe karibu kweli si kile kilichokwisha muda kilichofungwa kwa ajili ya trafiki. Usikwangue kwa bisibisi, taka zilizo juu ya kifuniko zipigwe brashi na kufutwa kabla, vyenginevyo unazitia tangini kwa mkono wako. Mpira wa kuzibia kifuniko uwe mpya. Na kile kimpira kifupi kinachounga pampu na bomba mle ndani ya tangi, ukitia mpira wa mafuta wa kawaida wa kununua kwa futi utaoza na kupasuka, kwa sababu ule umetengenezwa petroli ipite ndani yake, si wenyewe uzame kwenye petroli. Kuna mpira wake wa kuzama, umeandikwa 30R10, ni ghali, nunua kipande hicho hicho. Nimeona gari zimepoteza presha zikabadilishwa pampu mara tatu na kosa ni kimpira cha inchi mbili.

Soksi ukiikuta nyeusi usiioshe ukairudisha, tia mpya. Pampu ikiwa ni lazima, toa ya zamani nenda nayo dukani, linganisha namba zilizoandikwa kwenye mwili wake, usikubali maneno ya "hii inaingia gari zote". Ya mtumba mie sipendi. Pampu ya mtumba imetoka kwenye tangi ikakaa kavu kwenye meli na kwenye kontena na kwenye rafu, mota iliyozoea kulainishwa na petroli ikikaa kavu mwaka inashika kutu, unanunua ugonjwa wa mtu mwengine.

---

SWALI: Fundi yakhe, mie niko Wete, nna Subaru Impreza WRX. Nimefunga pampu mpya ya kwenye boksi, ile kubwa ya mashindano ya lita 255 kwa saa, inalia kuliko ya zamani. Na nikipanda vilima na kukata kona mafuta yakiwa robo inakata kata. Nimeibiwa? (Mpenda Resi, Wete)

JIBU: Huenda hukuibiwa. Pampu hizo za lita 255 zina kelele kwa asili, inasukuma mafuta mengi kuliko injini yako inavyotaka na yaliobaki yanarudi tangini, sauti kiasi ni ya kawaida. Ila angalia kama fundi alikutilia vile vimpira na ile sponji ya kuizuia isigusane na chuma. Pampu ikigusa bati la tangi, tangi lote linakuwa ngoma, na ngoma yenyewe ikiwa tupu ndo inazidi mlio. Angalia pia waya, pampu kubwa inakula ampia zaidi kuliko ile ilotoka kiwandani na waya mwembamba wa miaka 20 unapata moto.

Hilo la kona ni jengine. Gari yako inavuta tairi zote nne, propela shafti inapita chini katikati, kwa hivyo tangi limepandishwa juu yake kama shogi lilivyo juu ya punda, mafuta yako pande mbili na pampu iko upande mmoja tu. Kuna kifyonzo kidogo kinachotumia nguvu ya mafuta yanayorudi kuvuta ya upande wa pili kuyaleta kwa pampu. Fundi akiacha kuchomeka mpira wake, au akiupinda, upande wa pili unabaki na mafuta hayendi popote. Geji inakwambia robo, pampu inakwambia hakuna. Nyie wa Pemba mna vilima, sisi huku Unguja tambarare tunaweza kuishi na ugonjwa huo muda mrefu hatuujui. Fungua tena uangalie kimpira hicho, nna imani kubwa umeshamuona mchawi wako.

---

SWALI: Gari yangu ukifungua boneti inafanya tik tik tik tik haraka haraka, nimeambiwa pampu ya mafuta. (Bububu)

JIBU: Gari nyingi za siku hizi pampu ya mafuta haiko mbele, iko tangini. Hizo huenda ni nozeli zinafungua na kufunga, ndo kazi yake. Ziache.

---

SWALI: Kaka fundi, mimi ni mwanamke na mafundi wananiona wa kudanganywa tu. Nimechukua Nissan Fairlady, nikitia ufunguo kabla sijapiga stata nasikia zzzz nyuma kama sekunde mbili halafu kimya. Fundi kasema pampu inataka kufa niiwahi. Celica ya kaka yangu ya 1996 haifanyi hivyo kabisa. (Dada wa Fuoni)

JIBU: Dada yangu, huyo kama hajakudanganya basi hajui, na yote mawili ni mabaya. Zile sekunde mbili ni pampu inajaza presha kwenye mipira ili injini ikipigwa stata iwake mara moja, kisha kompyuta inaona injini haizunguki inaizima kwa usalama, gari ikipata ajali injini ikazima pampu isiendelee kumwaga petroli. Gari ingekuwa haifanyi hivyo ilhali zamani ilikuwa inafanya, ndo ungekuja kwangu. Na Celica ya kaka yako nayo haina ubaya, Toyota nyingi za miaka ya 90 pampu haianzi mpaka stata izunguke, zimetengenezwa hivyo. Ukitaka kuisikia ya kwake, nyingi zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, fundi anaunga vishimo vilivyoandikwa +B na FP kwa kipande cha waya, funguo ikiwa on, pampu inaanza kuzunguka bila ya injini. Aunge hizo mbili tu, vishimo viko vingi mle na ukikosea ukaunga vyengine unaweza kuunguza kitu cha bei.

Ukitaka kumpima fundi kabla ya kumpa gari, muulize umepima volti ngapi kwenye pampu. Akianza kuhadithia, chukua funguo zako.

---

SWALI: Huku kwetu Makunduchi sheli mbali tunanunua petroli ya chupa dukani. Gari inamisi na pampu imeanza kulia tangu mvua za masika. Inawezekana ni maji? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Inawezekana sana. Maji mazito kuliko petroli, yakiingia yanakaa chini, na soksi ya pampu iko chini, kwa hivyo pampu inakunywa maji mwanzo. Maji hayalainishi kama petroli, na pampu na tangi vyote vinaanza kutu. Toa mafuta kidogo tia kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie mpaka asubuhi pahala pa salama mbali na jiko na watoto. Ukiona mstari na kitu kingine chini yake, hayo maji, tangi litolewe mafuta yote na lisafishwe, usitie dawa ukategemea yatayeyuka. Kununua ya chupa siwezi kukukataza kwa kuwa najua umbali wenu, lakini chagua ya chupa ya kioo au ya plastiki nyeupe uone rangi na chini yake kabla hujatia, na dumu lako mwenyewe lisiwe lile la kuchotea maji.

---

Kabla ukurasa haujafungwa mwenye Altezza wa Kiembe Samaki kanirudia, nilikuwa nishampa majibu mapema kwa simu. Kasema alisimama usiku, sauti haikufata resi. Volti kwenye pampu tafauti na betri ni 0.3, kwa hivyo umeme hauna neno. Geji ilikuwa 44 sailensi na ikateremka mpaka 30 na kitu akipiga resi. Wakafungua na fundi wa kwanza, yule aliyesema pampu, na picha ya soksi nnayo hapa, nyeusi kama kaniki. Kumbe gari ilikaa uwani kwa aliyemuuzia miezi minane. Wametia soksi mpya, filta mpya na mpira mpya wa kifuniko, pampu ile ile ya zamani imerudi ndani. Presha haiteremki tena, gari inapanda mpaka juu kama ilivyozaliwa, sauti anasema imepungua sana lakini haijaisha kabisa, anauliza kwa nini. Akanitumia na picha ya deshibodi kuthibitisha, mshale wa resi unasoma 7000 na pembeni yake taa ya mafuta inawaka.